Nyasi Tupu za Wendell

Benchi letu liko nje ya duka la donati, upande wa mashariki wa mji wa Erie, pale upepo wa ziwa unapokata kona na kukupiga shingoni. Kila uchaguzi waandishi wa habari hutoka mbali kuja kutuuliza mji unaegemea wapi, bluu au nyekundu, yaani chama kipi kati ya vile viwili vikubwa, nasi tunawajibu kwa kujiamini ilhali hata majumbani mwetu hatuelewani. Jumamosi hiyo, siku chache kabla ya kura, tulikuwa watatu. Alikuwepo Gus Mancuso, tunayemwita Redio kwa sababu hana swichi ya kumzima. Alikuwepo Odell Tibbs, Shemasi, ambaye ni shemasi kweli, ila akija kijiweni ushemasi huuacha nyumbani. Na mimi, Kaz. Sote tuliikodolea macho nyumba ya ng'ambo ya barabara, ya shemeji yangu Wendell.

– Nyasi tupu, akasema Redio. – Miaka yote bango jekundu la kampeni kushoto, la bluu kulia. Leo hata kijiti hamna!

Lile la bluu lilikuwa la mkewe, dada yangu Halina. Tulimzika Aprili, na tangu hapo Wendell hajakanyaga kijiweni.

– Kahama chama huyo, akaendelea Redio. – Anaona soni kutuambia. Mtu akihama chama, kwanza anakwepa kahawa.

– Acha uzushi, akasema Shemasi. – Anauza nyumba. Madalali hawataki siasa kwenye nyasi, inawafukuzia wateja. Mwezi wa kwanza mtasikia yuko Florida, kavaa kaptula.

– Wendell na kaptula? Na ile miguu?

Hata mimi nilicheka. Redio akajisogeza, akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya serikali.

– Nisikilizeni. Kata hii kura zinapishana kiduchu. Wakubwa wa vyama wanalijua hilo. Wamemwomba aache nyasi tupu, majirani wachanganyikiwe, wasijue wamfuate nani.

– Majirani gani wanaomfuata Wendell? Hata mbwa wake hamfuati!

– Basi wewe unasemaje?

– Mimi nasema anagombea mwenyewe, akasema Shemasi bila kupepesa. – Karatasi ya kura ina nafasi ya kuandika jina la umtakaye kwa mkono, au sivyo? Tutaandika Wendell. Hizo nyasi tupu ndizo kampeni yenyewe.

– Umeya?

– Umeya wa nini, bwana! Useneta.

Niliwaacha wabwabwaje. Mimi naijua siku ya kura ya nyumba ile. Walikuwa wakivaa makoti yao ya kanisani na kwenda kwa miguu hadi ukumbi wa zimamoto. Wendell anapiga nyekundu, dada anapiga bluu, kisha wanatoka wameshikana mikono, Halina akitangaza barabara nzima: “Tumefutana! Si bora tungelala!” Hawakulala hata uchaguzi mmoja, hata ule wa theluji ya magotini. Nami, mwekundu kama Wendell, niligombana na Halina kila Krismasi, naye akaniita kichwa kabichi mbele ya wanangu. Nimemkumbuka mno dada yangu. Laiti angeniita hivyo leo, mji mzima ukisikia.

– Kaz, shemeji yako huyo, akasema Redio. – Hebu tuambie, siku hizi kawa nani?

– Mfiwa, nikasema. – Kawa mfiwa, mpumbavu wewe.

Redio akaanza kuchungulia kikombe chake kama vile kuna mtu ndani.

Ndipo mlango wa ng'ambo ukafunguka. Wendell akavuka barabara bila kuangalia magari, kapungua, koti linamning'inia, na kwapani kabeba mabango yote mawili. Hakutusalimu.

– Jana nilichomeka la Halina, akasema. – Nikajiona mwongo, maana yeye hapigi tena. Nikaling'oa. Nikachomeka langu peke yake, nalo sikuweza kulitazama.

– Pole, mzee wangu, akasema Shemasi.

– Tangu nimuoe, kura yangu haikuwahi kuongeza kitu, na nilikuwa mtu wa raha. Jumanne hii itahesabiwa. Jamani, nani ataifuta?

Redio akakiweka kikombe chini. Shemasi, ambaye ni bluu tangu utoto, angeweza kusema ataifuta yeye. Alimtazama Wendell akaona si la kusemwa. Mimi nilisimama, nikalichomoa lile la bluu kwapani mwake, nikaenda nalo hadi kwangu, nyumba ya tatu kutoka dukani, nikalikita mbele ya mlango.

– Kaz! Redio akapiga kelele kutoka kule. – Na wewe umehama?

– Funga domo!

Wendell alinifuata taratibu. Akapiga goti, akalinyoosha, maana nililikita likalala upande.

– Huku nje sawa, shemeji, akasema akiwa bado chini. – Kule ndani je, ukiwa peke yako na karatasi ya kura, utapiga ipi?

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la swali hilo, tena la haraka. Safari hii nikapiga goti kando yake, nikamshika bega, tukalia mbele ya bango la bluu, wazee wawili wekundu, majirani wakituchungulia madirishani.