Nehemiah Wangila na Skrini Nzito ya Chumba cha Mikutano

Nehemiah Wangila anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, baada ya kuutumikia ushirika wa wakulima wa mahindi wa Kitale kwa miaka thelathini na moja. Ofisi ilimwomba aandike wasifu wake mwenyewe, kama wastaafu wote. Alirudisha karatasi bila neno hata moja. Ndipo Chelagat, karani wa ofisi, akanipigia simu huku Bumula niandike mimi. Mimi ni Agneta, mama yake mzazi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini huyu mtu ninamjua kuliko meneja.

Nehemiah ni kifungua mimba wangu. Aliajiriwa kubeba magunia, na haukupita muda akafanywa mkaguzi wa mahindi, kwa sababu ya kiganja chake na meno yake. Anachota mahindi, anafumba macho na kusikia uzito wake, kisha anauma punje moja. Ikilia ka!, imekauka. Kiganja kikisikia wepesi, wadudu wameshakula ndani. Wakulima wa kutoka Naitiri mpaka Kimilili wakimwona langoni walianza kuanika upya kabla hawajaulizwa. Hajawahi kupitisha gunia bovu, hata la mjomba wake, na huyo mjomba alikaa miaka mingi bila kunisalimia. Na meno yake yote bado yapo. Nimemzaa mimi.

Sasa niandike ile habari ambayo yeye hakutaka kuandika.

Mwanzoni mwa mwaka huu meneja, Bwana Kimaiyo, alitaka skrini kubwa ya chumba cha mikutano, ili wanachama waone hesabu za mwaka wakiwa wamekaa. Ofisi ya ushirika wa Bungoma ilikuwa na yao tayari. Akamwambia, "Mzee Wangila, hakuna mtu hapa anajua kununua kukushinda. Nenda utuchagulie." Nehemiah alifurahi sana. Mimi nilisimama kanisani wakati wa matangazo nikasema mtoto wangu ametumwa kuchagua skrini ya ushirika mzima.

Dukani walimwonyesha zile nyembamba za kutundika ukutani. Aliinua moja, akairudisha. Nyepesi kama sinia! Mtu aliyekataa mahindi mepesi maisha yake yote angefanyaje? Kwenye kona kulikuwa na moja yenye mgongo kama kabati. Alijaribu kuinua pembe yake, ikakataa kutoka sakafuni. Akasema ni hii.

Vijana wa sokoni waliipandisha ngazi wakiita jina la Yesu. Mlango ulibidi ung'olewe. Siku ya mkutano mkuu wageni wa Bungoma walifika, skrini ikawashwa, na waliokaa katikati wakaona hesabu vizuri kabisa. Waliokaa pembeni waliona giza tu, kumbe televisheni za aina hiyo zinataka uzitazame kutoka mbele. Wazee wakaanza kuburuta viti, kila mtu anataka katikati, wakabanana kama watu wa picha ya harusi. Waithaka, mhasibu wa Bungoma, akauliza kwa sauti, "Si mtuambie, bana, hii ni skrini ama ni friji? Ifungueni basi tukunywe soda!"

Chumba kizima kilicheka. Bwana Kimaiyo naye alicheka. Nehemiah akasimama akasema, "Nilichagua mimi. Niliipima kama mahindi." Wakacheka zaidi.

Tangu siku hiyo anakula chakula cha mchana peke yake ghalani, kati ya magunia. Ameniambia hatakuja kwenye sherehe yake, kwa sababu itafanyika chumba hicho hicho, mbele ya kitu hicho hicho. "Mama, wataniangalia waone friji." Na mimi pia aibu ilinishika. Wanawake wa kanisa wakiniuliza, "Mama Nehemiah, ile skrini inaendeleaje?" najifanya nakohoa.

Nimesikia ati ofisi inataka kuifunika na shuka siku hiyo ili asihuzunike. Asanteni kwa roho nzuri, lakini msiifunike. Mtu aliyesimama mbele ya watu wanaomcheka akasema ni mimi, huyo hafichwi na shuka. Wangapi kati yenu wangesimama? Bwana Kimaiyo na Waithaka, nimewataja bila hasira. Siku hiyo msinikimbilie mimi na salamu. Anzeni na yeye.

Jana jioni alinipigia simu kuuliza kama koti lake jeusi liko huku kwangu. Sikumuuliza ni la nini. Nimelipiga pasi, na Ijumaa asubuhi nakuja nalo Kitale.

Wangila, kila mtu aliyekula ugali safi kutoka ghala lile anakushukuru, hata kama hajui jina lako. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na magoti yenye nguvu ya kulima shamba lako mwenyewe sasa. Tutakuwa tumekaa tunakungoja. Ingia tu, mwanangu.