Nesma Alivyozoeshwa Wageni

Benchi lenyewe ni la manispaa, lakini kahawa ni yangu, kwa hiyo kijiwe kinaitwa kwa Dhaou. Kiko pembeni mwa uwanja wa soko hapa Douz, chini ya ukuta mrefu, mahali ambapo upepo wa mchanga hupita juu ya vichwa bila kuingia kwenye vikombe. Wateja wangu wa alasiri ni wale wale. Yuko Jilani, tunayemwita Hakimu kwa sababu alilinda mlango wa mahakama mpaka akastaafu, na tangu hapo anatoa hukumu za bure. Yuko Belgacem, yaani Lyon, aliyeosha sahani katika mji huo wa Ufaransa nusu ya maisha yake, na hakuna jambo ambalo hakuliona huko kwanza. Na yuko Amor, fundi pikipiki, jina lake Spana. Siku ninayoisimulia walikuwa wakibishana habari ya Nesma, kama walivyobishana jana yake na juzi yake, tangu slugi yule, mbwa mwembamba wa mbio za jangwani, alipopanda gari la mtu asiyemjua akaondoka mbele ya macho yetu.

— Mimi nasema ni rangi, alianza Hakimu. Rangi ya mchanga, uso mweusi. Mbwa wa rangi ile moyo wake mwepesi. Angekuwa wa milia asingekwenda na mtu. Wa milia ni mbishi, hata chakula anakubishia.

— Rangi haipandi gari, mzee, Spana akamjibu. Ni harufu. Lile gari viti vyake vilikuwa vya ngozi, na ngozi ile ilikuwa ya swala. Slugi akisikia harufu ya swala anakwenda popote, hata ndani ya buti.

— Nani anatengeneza viti vya gari kwa ngozi ya swala, Spana?

— Wapo. Si kila kitu mnaletewa nyinyi kukiona.

Lyon alikohoa, ishara kwamba tunasafiri kwenda Ufaransa.

— Yule bwana alimsemesha Kifaransa. Nilisikia kwa masikio yangu. Kule Lyon mbwa wote wanaelewa Kifaransa, hata wa Wareno.

— Nesma amezaliwa Douz. Kifaransa kakipata wapi?

— Kwangu. Si nilikuwa nikiongea naye hapa kila siku?

— Basi wewe ndiye uliyemfukuza, alisema Hakimu. Kifaransa chako mimi mwenyewe kinanitoa mbio. Tena sikilizeni, bibi yake Nesma alitoka ng'ambo ya mpaka, Algeria. Damu imeitana. Mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Ufuko uko wapi kwenye jangwa hili?

— Ni methali, bwana. Methali haina ramani.

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa kunyamaza. Nikawaongezea kahawa. Kila mmoja pale alijua kwa nini Nesma alikwenda, nami nilijua, ndiyo maana mabishano hayakuwa na mwisho.

Nieleze kwa asiyejua. Nesma alikuwa wa Lazhar, mwenye shamba la mitende nyuma ya kisima cha chini. Huku kwetu slugi haitwi mbwa. Mbwa ni yule wa jalalani. Slugi analala ndani, anafunikwa blanketi wakati wa baridi, na ana ukoo kama mtu. Lazhar angeweza kukutajia mama wa Nesma, na bibi yake, na mama wa bibi, bila kukwama. Nesma mwenyewe alikuwa na rangi ya mchanga wa asubuhi, ubavu mwembamba, mifupa ya nyonga imechomoza, na macho kama yamepakwa wanja. Na alikuwa na tabia moja: haguswi. Lazhar na mkewe Mbarka tu. Mtu mwingine akinyoosha mkono, Nesma habweki wala haumi. Anarudi nyuma hatua moja, anatazama mbali, kama mwanamke wa nyumba kubwa aliyesalimiwa barabarani na mlevi. Slugi wa kweli ndivyo walivyo. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba slugi anayemtikisia mkia kila mpita njia, mama yake alipotea usiku mmoja jalalani.

Lazhar akampeleka kwenye maonyesho makubwa kule mji mkuu. Mbarka alimpaka hinna miguuni, akamsomea dua, akamfungia mkanda mwekundu shingoni. Waliporudi, Lazhar alikaa hapo anapokaa Spana, akatuhadithia.

— Mwamuzi ni mgeni, ametoka Ulaya. Akauliza hii miguu ina ugonjwa gani. Nikamwambia ni hinna, ndiyo mapambo yetu. Akasema hinna inaficha rangi. Sawa, hilo nikalimeza. Halafu akanyoosha mkono amshike mabega, Nesma akarudi nyuma. Akanyoosha tena. Akarudi mpaka akaniingia katikati ya miguu. Akaniambia, bwana, huyu ni mzuri kuliko wote waliosimama hapa, lakini siwezi kumpima mbwa nisiyeweza kumgusa. Tukatolewa uwanjani.

— Na wewe ukafanya nini? nilimuuliza.

— Niliona aibu, Dhaou. Nilimwonea aibu yeye. Njia nzima ya kurudi sikumtazama.

Wafugaji wenzake walimwambia dawa ni moja: mbwa azoeshwe watu. Basi akaanza kumleta hapa kila alasiri. Akatuomba, mmoja mmoja, tumlishe kwa mkono na tumshike. Siku za kwanza Nesma alisimama mbali amegeuza uso. Hakimu akaja na yai la kuchemsha.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema, na hiyo ndiyo methali pekee niliyopata kumsikia akiitumia mahali pake.

Akamega yai, akaliweka kiganjani, akangoja. Siku ile halikuliwa. Wala ya pili. Siku lilipoliwa, Hakimu, mtu aliyekuwa akikunja kanzu mbwa akipita, aliacha mkono wake shingoni mwa Nesma mpaka kahawa yake ikapoa. Hakuna aliyemtania. Baada yake akaja Lyon na jibini, akaja Spana na mikono yake ya mafuta machafu. Kisha ikawa kila anayekuja kunywa kahawa sharti kwanza amshike Nesma. Waongoza ngamia, wauza tende, watalii. Lyon aliwaita mwenyewe: karibuni, karibuni, mgeni njoo mwenyeji apone. Tulipenda, nisiseme uongo. Kiumbe wa fahari namna ile, anakuja anaweka kichwa gotini mwako. Unajiona mtu.

Mbarka alipita siku moja na kapu lake, akasimama.

— Mnamfundisha nini huyu?

— Adabu, mama, alijibu Hakimu.

— Adabu alikuwa nayo, alisema Mbarka, akaenda zake.

Mwaka uliofuata Nesma alishinda. Mwamuzi alimfungua mdomo akahesabu meno, akampapasa mgongo, akamwinua mguu, naye ametulia kama anayechanwa nywele. Lazhar alirudi na kikombe, tukakizungusha hapa kwenye benchi, kila mtu akajiona ana kipande chake mle. Na alikuwa nacho kweli.

Kisha ikaja alasiri ile. Lazhar alikuwa shambani, ilikuwa zamu yake ya maji, na maji ya zamu hayamngoji mtu. Alimwacha Nesma kwetu, kama alivyozoea. Likasimama gari jeupe, akashuka bwana mmoja nadhifu, viatu safi.

— Asalamu aleikum, wazee wangu. Huyu si ndiye Nesma?

— Ndiye, Lyon akajibu kwa fahari. Unamjua?

— Nani asiyemjua? Nilikuwepo aliposhinda. Lazhar yuko wapi?

— Shambani, ana zamu ya maji.

— Basi nampelekea, niko na gari. Nina maneno naye kuhusu dume langu.

Akachuchumaa, akampapasa kifua, akamsemesha pole pole. Nesma akamlamba kidole. Yule bwana akafungua mlango wa nyuma, na Nesma akaruka ndani, akakaa kitini, akatutazama kupitia dirishani. Hakimu akainua kikombe chake.

— Mpe salamu zetu.

Jua lilipoinama Lazhar akaja, matope mpaka magotini.

— Nesma yuko wapi?

— Si ameletwa kwako na mgeni wako, nilisema.

— Mgeni gani?

Alitafuta Kebili, akatafuta Tozeur, akaenda kwa polisi, akaenda mpaka kwa walinzi wa mpakani. Alisimama katika masoko ya mifugo ya miji ambayo hana hata mtu wa kumpa chai. Mpaka leo Nesma hajulikani aliko. Na tangu siku ile Lazhar hakukaa tena kwenye benchi. Alikuwa akipita, anasalimia, anakwenda.

Ndiyo maana siku hiyo, Spana alipokuwa ameshafika kwenye nadharia kwamba yule bwana hakuwa mtu bali jini wa kisima, na Lyon anaapa kwamba jini huyo alikuwa na lafudhi ya Marseille, wote waliacha ubishi mara moja. Lazhar alikuwa anakatiza uwanja kuja kwetu. Pembeni yake alitembea slugi mdogo, binti wa Nesma wa uzao wake wa mwisho, wa milia, mwenye baka jeupe kifuani kama amemwagikiwa maziwa. Kwa ajili ya baka lile hakuna mfugaji aliyemtaka, akabaki nyumbani.

— Asalamu aleikum, alisema Lazhar. Dhaou, kahawa ipo?

— Ipo, ndugu yangu. Kaa.

Nikamwekea ile ya maji ya maua ya mchungwa, kama anavyopenda. Hakimu alitoa yai mfukoni. Sikujua kwamba bado anatembea nalo. Akalimenya, akalimega, akanyoosha kiganja chini ya benchi. Yule mdogo akarudi nyuma hatua moja, akatazama mbali. Ilikuwa kama kumwona mama yake.

— Msimguse, alisema Lazhar.

Hakimu akarudisha mkono haraka.

— Samahani, mzee wangu, Lazhar akasema kwa sauti ya chini. Tafadhali tu. Msimguse.

Hakimu alilitazama yai lile kiganjani.

— Lazhar, mimi ndiye niliyesema mpe salamu.

— Najua.

— Hujaniuliza hata siku moja.

— Nikuulize nini? Niliwaletea mbwa, nikawaambia mzoeeni, naye awazoee. Mlifanya nilichowaomba.

— Tungeinuka basi. Tungemuuliza jina.

— Mngemuuliza angewapa jina.

Spana alikuwa akisugua mafuta vidoleni ingawa hayatoki. Lazhar alikunywa, akashusha kikombe.

— Mbwa wa watu wanaibwa, alisema. Wanavutwa kwa kamba, wanauma, wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Mwenye mbwa anabaki na kamba iliyokatika, anasema, walau hakutaka. Wangu hakuvutwa. Mnanielewa? Nilikuwa na mbwa asiyetaka mtu ila mimi, nikamwonea aibu.

Lyon, maskini, akaona afadhali ajaribu.

— Na huyu utampeleka kwenye maonyesho?

— Na hilo baka? Hawamkubali.

— Kule Lyon kuna rangi ya nywele, mtu anaingia saluni mzee anatoka kijana.

— Mwache na baka lake, Belgacem.

— Mimi nasema tu.

— Najua unasema tu.

Lazhar alitabasamu kidogo, na benchi likapumua. Tukaanza kuongea habari ya tende, zilivyowahi kuiva mwaka huu. Hakimu akala yai lake mwenyewe, bila chumvi.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja kutoka upande wa sokoni, kabeba kisanduku cha barafu begani. Alikuwa daktari wa mifugo mpya, ametoka Gabès wiki hizo hizo, jina lake Sondes. Alikuwa akizunguka mtaa kwa mtaa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kwa sababu kulikuwa na mbweha aliyeuma punda kule kwenye mashamba. Hakujua lolote la Nesma. Alitusalimia vizuri, akaweka kisanduku chini, akamwona yule wa milia, uso wake ukang'aa.

— Mashallah. Ni wa nani?

— Wangu, alisema Lazhar.

— Hajachanjwa?

— Bado.

— Ni dakika tu, ami.

Akachuchumaa. Akanyoosha mkono nusu, kiganja juu, kama wanavyofanya watu waliofundishwa. Kisha akausimamisha hapo, akainua macho.

— Anazoea watu huyu?

Hakimu, mwenye hukumu ya kila kesi, aliinamia kikombe chake. Spana alitazama pikipiki iliyopita. Lyon alikohoa, lakini safari hii hatukwenda Ufaransa. Yule binti alingoja, anatutazama mmoja mmoja, nadhani alidhani hatukumsikia.

Mkono wa Lazhar ulikuwa shingoni mwa mbwa. Nilikuwa karibu naye kabisa, na birika mkononi, na bado sikuweza kutambua kama anamsukuma mbele au anamshikilia asiende.