Kinyozi Aliyemfundisha Binti Yake Kuuliza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Mimi sikio lako linanitosha.

Leo tunamkumbuka kinyozi. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa kinyozi maisha yake karibu yote, na alikuwa baba wa binti mmoja. Binti huyo leo ni askari polisi. Kinyozi, na binti yake askari. Habari yetu ni hiyo.

Wateja walimwita Mzee Ehe. Nilipolisikia jina hilo nilitaka kujua limetoka wapi, kwa hiyo nikaenda mpaka kibandani kwake. Ni chumba kimoja. Kuna kiti cha kunyolea chenye ngozi iliyochanika mkononi, benchi la wanaosubiri, na kioo chenye ufa kwenye kona. Mlango wa pili ni fundi viatu. Huyo ndiye aliyenieleza.

"Ukimwambia jambo, hasemi pole, hasemi hongera," alisema fundi viatu. "Anaisimamisha mashine hewani, anakuangalia kwenye kioo, anasema, 'Ehe?' Basi unaendelea mwenyewe. Mimi niliingia kunyoa ndevu, nikatoka nimemwaga mpaka ugomvi wetu wa urithi. Na ndevu za upande mmoja zilikuwa bado ziko palepale."

Nikamuuliza, "Alikuwa mmbeya?"

"Hapana. Umbeya unatoka. Kwake yeye maneno yaliingia, hayakutoka."

Nywele zake mwenyewe, nimeambiwa, zilikuwa kama kiota. Kinyozi hajinyoi.

Mkewe alifariki mapema. Dada yake akahamia pale nyumbani, wakamlea binti pamoja. Huyo ndiye shangazi, nitamtaja sana. Na binti alikua akiwa kinyume cha baba yake. Baba alisikiliza, binti aliongea. Mtaani walimwita Cherehani, kwa sababu ukimwanzisha, anashona tu. Tena alikuwa na tabia moja: unaanza sentensi wewe, anaimaliza yeye.

Alipofika miaka ishirini na minne, Cherehani alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, rangi, saruji. Jumapili moja mchana, wakiwa mezani, akasema, "Baba, nataka kuwa polisi."

Shangazi aliweka kijiko chini. Akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Au umesahau walivyokufanya?"

Kinyozi hakumjibu dada yake. Alimtazama binti. "Ehe?"

Binti akasema ni kazi ya uhakika. Baba akasema, ehe. Akasema anapenda nidhamu. Ehe. Akasema sare inampendeza mtu. Baba akacheka, lakini hakuridhika. Wiki nzima alimfuata na swali hilohilo, bombani, mlangoni, akipiga mswaki: kwa nini polisi?

Mwisho binti alichoka, akasema lililokuwepo. Mama mmoja aliporwa mkoba nje ya duka lao. Akaingia dukani akitetemeka. Cherehani akamkalisha juu ya mfuko wa saruji, wakapiga simu, wakangoja mtu wa kuja kumsikiliza. Wakangoja mpaka duka likafungwa. Hakuja mtu. Yule mama akajifuta vumbi la saruji, akashukuru, akaenda zake.

"Baba," alisema Cherehani, "mimi nataka kuwa yule anayekuja."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kinyozi alipofunga mlango wa kibanda, akamweleza binti yake habari ambayo nyumbani ilikuwa inajulikana nusunusu tu.

Akiwa kijana, alibeba magunia kwenye ghala. Siku moja redio ya bosi ikaibwa ofisini. Yeye hakuonekana kazini siku hiyo, basi ikawa ni yeye. Akakamatwa. Akakaa mahabusu siku mbili. Askari waliingia na kutoka. Mmoja alimfokea, mwingine alimpiga makofi, mwingine alimwambia akiri yaishe. Lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Narudia, kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia: hakuna aliyemuuliza.

Siku ya tatu iliingia zamu nyingine. Akaja sajini mmoja, akavuta kigoda, akasema, "Kijana, siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa zahanati. Alikuwa amempeleka dada yake aliyezidiwa na homa. Sajini akamtuma mtu zahanati, muuguzi akasema ndiyo, namkumbuka. Jioni ile kijana akatoka. Sasa unaelewa kwa nini shangazi aliweka kijiko chini. Kaka yake alipigwa kwa sababu alimpeleka yeye zahanati.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hutaki niende?"

Baba akajibu, "Mle ndani nilikuwa naomba aingie mtu wa kuniuliza. Aliingia mmoja tu. Wakiwa wawili kuna ubaya gani?"

Maandalizi yakaanza. Asubuhi binti alikimbia, baba akamfuata na baiskeli ya kuazima. Siku ya kwanza Cherehani alitapika kabla ya kufika shule ya msingi. Baba akashuka, akamshikia kichwa, huku akimuuliza mpita njia mmoja aliyekuwa akikimbia bila shida, "Samahani, ndugu yangu, hivi wewe unapumuaje?" Yule mtu akasimama, akaeleza. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakimbia watatu.

Mbio alifaulu. Mtihani wa kuandika alifaulu. Usaili akaanguka.

Mwenyewe anasimulia hivi. Kulikuwa na maofisa nyuma ya meza ndefu. Mmoja akaanza, "Umefika kwenye ugomvi wa majirani wawili, mmoja..." Cherehani akamkatiza. "Nitawatenganisha, nitamkamata aliyeanza." Ofisa akamtazama. "Aliyeanza ni nani? Mimi nilikuwa sijamaliza swali, dada."

Alirudi nyumbani, akalala akiutazama ukuta. Dukani hakwenda. Nilimuuliza shangazi kama hapo alifurahi. Mama huyu ni mkweli. "Saa ya kwanza nilifurahi," alisema. "Halafu nikampelekea chai, nikaona mgongo wake. Nikamwambia, mwanangu, sikutaka uende, lakini sikutaka wakukatae pia. Hayo ni mambo mawili."

Kinyozi yeye hakukaa. Alianza kuwauliza wateja wake kama kuna anayemjua sajini fulani wa zamani, mrefu, mwenye pengo mbele. Mmoja akamjua. Alikuwa amestaafu, anafuga sungura nyuma ya soko. Kinyozi akavaa shati lake zuri, akaenda.

Nami nimekwenda kwa Sajini. Bado anafuga sungura. Anasema mzee mmoja aliingia, akasimama mbele yake, macho yamejaa maji, akasema, "Afande, mimi ndiye yule wa redio."

"Redio gani?" Sajini akauliza.

Akamweleza yote. Ghala, mahabusu, zahanati. Sajini akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, nisikudanganye. Sikukumbuki."

Fikiria, msikilizaji. Umembeba mtu moyoni miaka yote ile, na yeye hana habari yako. Shangazi anasema kaka yake aliporudi alikaa kwenye ngazi, hajavua viatu. Akamuuliza kulikoni.

"Hanikumbuki hata kidogo."

"Umesikitika?"

"Nimesikitika mpaka kwenye kona ya soko. Halafu nikafikiri. Kama hanikumbuki, maana yake si mimi peke yangu niliyeulizwa. Alikuwa anamuuliza kila mtu."

Kesho yake akarudi kwa Sajini, safari hii na ombi. Sajini akakubali kuja kibandani kila Jumamosi, kwa malipo ya kunyolewa. Yeye ana upara, kwa hiyo sijui nani alifaidi.

Basi Jumamosi kibanda kikawa chuo. Cherehani alikaa kwenye benchi na amri moja: unaweza kuuliza, huwezi kumalizia. Wateja wakipungua, wazee wawili waliigiza. Sajini alikuwa mlevi asiyetaka kutoka kwenye kiti. Kinyozi alikuwa mtu aliyeibiwa kuku, kumbe kuku mwenyewe ni wa jirani. Fundi viatu alikuja kuchungulia kelele, akakamatwa kama shahidi.

Siku moja aliingia mteja halisi, amenuna. Akakaa kitini, akasema, "Mke wangu ameondoka."

Cherehani akaruka. "Mfuate, ukamwombe msa..." Baba akakohoa. Binti akameza maneno, na anasema yalikuwa na miiba. Akajipanga upya. "Ameondoka kwenda wapi?"

"Kumuuguza mama yake," akajibu yule mtu. "Atarudi Jumatano. Nimenuna kwa sababu sijui kupika."

Kibanda kizima kilicheka, na Cherehani alicheka kuliko wote. Aliniambia, "Siku hiyo ndiyo niliyoelewa. Ningekuwa nimeshaivunja ndoa ya watu."

Mwaka uliofuata akaomba tena. Meza ileile ndefu, na ofisa yuleyule, na swali lake la majirani. Safari hii alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Afande, wanagombania nini?" Ofisa akawatazama wenzake, akatabasamu kidogo, akaandika.

Akachukuliwa.

Siku ya kuhitimu, kinyozi na dada yake walikaa jukwaani. Vijana wakaingia uwanjani kwa mwendo mmoja, kofia moja, sare moja. Baba akahangaika. "Mbona simwoni?" Shangazi ndiye aliyemwona. "Yule pale, wa tatu kutoka mwisho. Yule ambaye mdomo unamwasha."

Cherehani amefanya kazi sasa mwaka wa tatu. Kila alipotoka zamu, baba alimkalisha. Leo nani alikuja? Alisemaje? Wewe ukamuuliza nini? Majina hakuyataka. Alitaka kujua watu wanakuwaje.

Lakini kuna siku moja alirudi baada ya ajali ya barabarani. Alikuwa wa kwanza kufika. Aliingia kibandani na sare yake, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, hakusema neno. Cherehani mzima, kimya. Baba alizima mashine. Alifunga mlango. Akavuta benchi, akakaa karibu naye, wakakaa hivyo muda mrefu.

"Hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuniuliza," binti aliniambia. "Na mimi ndiyo siku niliyojua kwamba nitaiweza kazi hii."

Mwaka huu moyo wa mzee ulianza kuchoka. Alikwenda hospitali, akamuuliza daktari maswali mpaka daktari akachora moyo kwenye karatasi. Akaambiwa apumzike. Akapumzika kidogo, akarudi kibandani. Asubuhi moja fundi viatu alipita kumsalimia, akamkuta amekaa kwenye benchi la wateja, ameegemea ukuta, kitambaa begani. Alikuwa amekwisha kwenda.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijawaaga wafiwa nilitaka swali la mwisho. Nilimuuliza binti, "Baba yako alitaka kuwa kinyozi tangu zamani?"

Alifungua mdomo kujibu. Halafu akaufunga.

"Sijui," alisema. "Yeye aliniuliza kwa nini polisi wiki nzima. Mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini kinyozi."

Nikamgeukia shangazi. Shangazi akasema, "Alianza kunyoa kwa sababu alipotoka mahabusu, kule ghalani hawakumrudisha. Hiyo najua. Lakini kabla ya pale alitaka kuwa nani, hata mimi dada yake sijui. Na tumelala nyumba moja."

Nilikwenda kwa fundi viatu. Anadhani alitaka kuwa dereva, lakini hana hakika. Mteja mmoja alisema mwalimu. Mwingine alisema mpiga ngoma, halafu akasema labda anamchanganya na mtu mwingine. Sajini aliweka majani kwa sungura wake, akafikiri. "Mimi nilimuuliza alikuwa wapi," alisema. "Nilimuuliza hilo tu."

Hakuna anayejua, wasikilizaji wapendwa. Nimeuliza, na hakuna anayejua.

Kwa binti, kwa shangazi, kwa Sajini na fundi viatu, na kwa wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile, poleni sana. Mungu awape subira, na amlaze mzee wetu mahali pema.

Nasi tuliobaki, tufikiri. Karibu kila nyumba ina mtu wa namna hii. Anajua umelala vipi, umekula nini, na bosi wako amekuudhi kwa lipi. Umemjibu miaka yote. Yeye umemuuliza nini? Kama wa kwako bado yupo, pengine yuko hapo chumba cha pili, punguza sauti ya redio. Mimi sitaona vibaya.