Bi Sabiha Mselem: Vipuri vya Nyambizi na Majina Tisa ya Meli Mwambani

Baada ya miaka thelathini na saba ya kulinda ghala la vipuri la karakana yetu ya meli hapa Tanga, Bi Sabiha Mselem anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025.

Aliajiriwa mwaka 1988 akiwa karani msaidizi, akija kwa miguu kutoka Nguvumali kila asubuhi. Baada ya miaka mitano alikuwa mtunza ghala mkuu, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa funguo zile. Hakuna nati iliyotoka bila saini. Mimi ni shahidi: aliwahi kunifuata Pongwe, kwenye harusi ya dada yangu, kudai spana namba ishirini na nne. Alikula pilau, akamtunza bibi harusi, akaondoka na spana yake.

Mwaka 2003 alifika getini Bi Khadija Ayubu, mkazi wa Usagara. Baba yake, Ayubu Sabiri, alikuwa mchochea makaa kwenye meli ya mizigo iliyoitwa Mwambani, iliyopakia katani hapa mwaka 1942 na kuzamishwa vitani kabla haijafika mbali. Watu tisa wa Tanga walikufa humo. Majina yao hayakuandikwa miongoni mwa waliokufa vitani, kwa hoja kwamba ile ilikuwa meli ya biashara tu, isiyo na silaha. Bi Khadija alitaka kujua kama karakana ina karatasi yoyote inayoihusu.

Bi Sabiha alipekua madaftari ya zamani wiki nzima. Akakuta kwamba mwezi mmoja kabla ya safari, ghala lilitoa boliti thelathini na mbili "za kufungia mzinga, sitaha ya nyuma". Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa historia. Alisoma jinsi meli za biashara zilivyofungwa mizinga ili zijihami dhidi ya nyambizi. Aliiandikia barua ofisi inayotunza orodha ya waliokufa vitani, akajibiwa kuwa mstari mmoja wa daftari hautoshi. Akaandika nyingine. Hivyo hivyo kwa miaka ishirini.

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Mhandisi Rafaeli Mathew walileta nyambizi ndogo ya watu wawili kutafuta mabaki ya meli hiyo. Siku ya tatu, vali ya hewa ya matangi ya kuzamia ikapasuka. Kuagiza nyingine ng'ambo kungechukua wiki tatu. Kibali chao kilibakiza siku nane. Mhandisi alikwishaanza kufunga mizigo.

"Usifunge kitu, baba," Bi Sabiha alimwambia. "Nipe vipimo."

Akaingia hadi rafu ya mwisho, akarudi na vali ya boti ya zamani ya kuvutia meli, cheti chake kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Meneja mmoja aliwahi kuamuru rafu ile yote iuzwe kama chuma chakavu. Bi Sabiha alimgomea. Tulichonga kiungo cha kuifungia, tukaijaribu siku mbili kwa shinikizo mara mbili ya lile la chini ya bahari. Haikuvuja hata kidogo.

Kibali kikiwa kimebakiza siku moja, nyambizi ilipanda na picha: mzinga juu ya sitaha ya nyuma, boliti zimeuzunguka. Nilizihesabu mwenyewe, thelathini na mbili. Bi Sabiha alikaa juu ya kreti, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akauliza vali yake itarudishwa lini.

Safari hii ofisi ile ilikubali ushahidi, na Novemba mwaka jana majina tisa yalizinduliwa kwenye bamba la shaba. Sheikh alisoma dua, mchungaji akaomba. Bi Khadija, mwenye miaka themanini na tatu, aligusa herufi za jina la baba yake moja moja.

"Sasa baba ana mahali," alisema, akamkumbatia Bi Sabiha. Karakana nzima ikapiga vigelegele, hata sisi wanaume tusiojua kuvipiga.

Kuanzia Julai atakuwa nyumbani Nguvumali, akifuatilia habari za meli nyingine nne zilizopotea na mabaharia wa pwani yetu. Ahsante, Bi Sabiha. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, macho mema ya kusomea, na siku nyingi za raha. Kuna watu wanasubiri uwapate.

Fanueli Asheri, fundi mitambo