Beji ya Otis

Mheshimiwa Meya Dolores Hruska. Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Hisani ya Cedar Bend. Mkutubi wetu mpendwa. Ndugu wanachama mliovaa vizibao vyenu vya njano. Wazazi, na watoto mliokwisha kumaliza kolache, yale maandazi yetu ya plamu, kabla hatujaanza. Na wewe mstaafu wetu, Otis, unayekoroma chini ya meza kuu huku jina lako likitajwa: nawasalimu nyote.

Mwenyekiti ameniomba nimsifu mbwa. Nami, Lorna Kovarik, niliyefundisha darasa la pili katika mji huu mpaka nikastaafu, na ninayeongoza kamati ya usomaji ya klabu hii, nitamsifu, maana nimeagizwa. Ila sitawaficha: namwonea wivu mbwa huyu, na wivu wenyewe si wa juzi.

Tazameni kifuani pake. Mnaiona ile beji ya fedha ya utumishi? Mimi niliipata baada ya miaka kumi na mitano ya kukaanga chapati za maji kwenye harambee zetu, kuokota taka kando ya barabara kuu na kugawa kamusi kwa kila mtoto wa darasa la tatu. Yeye ameipata kwa kulala.

Tulipoanzisha Jumamosi za kusoma hapa maktaba, nani alileta vitabu? Ni mimi. Nani alishona mito ya kukalia, akabandika herufi ukutani, akaoka biskuti? Ni mimi huyu huyu. Ndipo Bwana Harlan Benes, ambaye maisha yake yote ameuza matrekta na sijawahi kumwona na kitabu mkononi, akasema na yeye atachangia, akaja na mbwa, akamlaza juu ya zulia ili watoto wamsomee. Wiki ya kwanza watoto waligawanyika. Wiki ya tatu kwangu alibaki mtoto mmoja tu, naye manyoya yalikuwa yanampigisha chafya.

Kila nilipolisogelea lile zulia lao, sauti zilikatika na kitabu kikafunikwa. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwuliza Harlan huyo mbwa wake amesomea wapi. Akanijibu taratibu, "Hajasomea popote, Mwalimu. Ndiyo maana hasahihishi mtu." Sikulipenda jibu lile, na mpaka leo silipendi.

Hayo yote ningeyameza, kama si Corinne. Corinne ni mjukuu wangu, ana miaka minane, naishi naye. Mimi niliyewafundisha kusoma nusu ya watu waliomo humu, pamoja na wewe Mheshimiwa Meya, uliyekuwa ukiandika herufi zako zimegeukia ukutani, nilishindwa kumfanya mtoto wa damu yangu asome sentensi moja mbele yangu. Nyumbani alikaza midomo. Kwa Otis alisoma sura nzima. Ikawa najibanza nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo ili nimsikie mjukuu wangu mwenyewe. Niambieni ndugu zangu, ninyi mngekuwa mimi, wivu usingewashika?

Mwezi uliopita daktari wa wanyama alisema nyonga za Otis zimechoka, apumzike. Akaongeza kwamba masikio nayo yamekufa, huenda ni mwaka wa pili sasa. Yaani nimekuwa nikishindwa na kiziwi. Nilikwenda nyumbani mbio, na furaha isiyonipasa, nikamwambia Corinne kwamba mbwa wake hasikii kitu.

"Najua, Bibi," akasema. "Hasikii. Lakini ananisikiliza."

Kisha akasema kwamba ikiwa Otis anaacha, basi na yeye ameacha. Kitabu chake cha maharamia akakirudisha maktaba hata nusu hajafika. Hapo wivu wote ulinitoka, nikabaki na hofu tupu. Nilimbembeleza asubuhi na jioni, mpaka akakubali kunijaribu kwa masharti: nikae sakafuni, na nisiseme neno.

Jumamosi iliyopita, juu ya zulia lile lile lenye manyoya, nilikaa na magoti yangu haya mabovu, Bwana Harlan akiwa shahidi. Corinne akasoma. Maharamia wakatia nanga kwenye kisima. Kisima, ndugu zangu. Kitabu kilisema kisiwa. Nikajing'ata ulimi mpaka machozi yakanilenga. Maharamia walitembea ufukweni, wakachimba mchanga, wakagombana, na mimi kimya. Ghafla akasita, akarudi nyuma kwa kidole, akanong'ona, "Aa, kisiwa," akaendelea zake. Alipofunga kitabu alinipapasa kichwani mara mbili, vile vile anavyompapasa Otis.

Kwa hiyo nawaomba, wanachama wenzangu: kamusi tutazidi kugawa na chapati tutazidi kukaanga, lakini kila Jumamosi nataka watu wa kuja kukaa sakafuni na kunyamaza. Atakayekuja na kalamu nyekundu nitamfukuza, hata akiwa ni mimi. Bwana Harlan, asante, ingawa kulisema neno hilo kunanichoma.

Na wewe Otis, usidhani wivu umekwisha. Mimi nilipapaswa mara mbili. Wewe ulipapaswa mpaka ukalala.

Nanyi nyote mlionivumilia, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe mzee, ambaye hukusikia hata neno moja, asante kwa kumsikiliza mtoto wangu.