Kura ya Odile

Asubuhi hiyo, kwenye basi la kwenda Bungeni mjini Ottawa, mwanamke mwenye magongo aliketi mbele yangu. Mzee wa pembeni akamtambua. "Mheshimiwa Odile! Si tumesikia umelazwa?"

"Nimetoroka, mzee wangu. Tunawazidi wapinzani kwa kiti kimoja tu. Nisipofika, bajeti inakwama na serikali inaanguka."

"Bajeti hiyohiyo inayofunga kituo cha uokoaji baharini kule kwenu Gaspé?"

"Hiyohiyo." Akatazama theluji dirishani. "Boti ya mume wangu ilipozama, hao waokoaji ndio waliomtoa majini akiwa hai."

"Halafu leo unakwenda kuwafungia!"

"Tukianguka, wapinzani watafunga vituo vyote."

"Mwaka jana pia mlitutisha hivyohivyo, mama."

Mimi niliyekipigia kura chama chake nikajifanya nasoma gazeti.

Basi likasimama. Mzee, pamoja na ukali wake, akambebea magongo na kumshusha taratibu. "Na mumeo anasemaje?"

"Tangu juzi hapokei simu yangu," Odile akajibu, kisha akachechemea kuelekea langoni.