Kikombe cha Luhaga Kimefunikwa

Kijiwe chetu cha Igogo kiko nyuma ya maduka ya nyavu: benchi moja la mbao, gogo moja, na birika la Antoni muuza kahawa juu ya jiko la mkaa. Tunapiga kahawa tangu alfajiri, ikifika saa nne tunahamia kwa Roza muuza pombe kuzimua ya jana. Mtu akituita walevi tunamwonyesha kahawa. Kila mwanakijiwe ana kikombe chake, Antoni amekitia alama kwa rangi ya kucha. Ukiacha pombe, kikombe chako kinafunikwa kifudifudi mwisho wa benchi, na kuanzia siku hiyo unaitwa marehemu. Ndiyo sheria yetu. Jumamosi ile ya mwaka tisini na tano, kikombe cha Luhaga kilikuwa kimelala kifudifudi wiki ya tatu, na bado tulikuwa hatujamaliza kumsema.

— Juzi nimemwona marehemu, alianza Waziri. Huyu ni Mashimba. Anaitwa Waziri kwa sababu ana koti la suti na hana kazi. — Kavaa shati la kupigwa pasi! Ananiuliza habari za watoto. Tangu lini Luhaga anajua nina watoto?

— Ni kile kikundi cha walioacha pombe, alisema Injinia. Huyu ni Otuoma, alikuwa anapaka grisi mashine za kiwanda cha mafuta ya pamba mpaka kiwanda kikauzwa. — Eti wanakaa duara, mmoja anasimama, anataja jina, anasema "mimi ni mlevi". Wenzake wanampigia makofi.

— Makofi kwa ulevi? Basi mimi ningepigiwa mizinga! alisema Waziri.

— Wewe mkeo anakupiga bila kikundi, nilisema mimi, Katibu wa kijiwe. Walicheka mpaka benchi likalia.

— Sikilizeni, alisema Injinia. Hicho ni chama. Wanaanza na walevi kwa sababu ndio tulio wengi. Oktoba mtasikia marehemu anagombea ubunge.

— Chama gani hakitoi fulana? nilidakia mimi. Huo ni mradi wa wafadhili. Mlevi mmoja akikauka, mkurugenzi anapata gari jipya.

— Hapana, ngoja, alisema Injinia. Serikali imeuza viwanda, imeuza mashirika. Kimebaki nini? Tumebaki sisi. Tunabinafsishwa, bwana! Ila mwekezaji hataki mali mbovu, lazima ikarabatiwe kwanza.

— Mmekosea wote, alisema Waziri, akainama kama anatoa siri ya baraza la mawaziri. — Ni maini yetu wanayataka. Wazungu wamemaliza ya kwao kwa wiski. Kwenye sangara wanachukua minofu, sisi wanatuachia mapanki, mifupa mitupu. Na Luhaga naye mtarudishiwa panki!

Tulikuwa bado tunajifuta machozi ya kicheko alipokuja mwanamke mmoja, viatu vimejaa vumbi, akasimama mbele yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Paskazia, natoka Buhongwa. Namtafuta Luhaga, yule aliyeacha pombe. Nimeambiwa anakaa hapa.

— Marehemu huyo, alisema Waziri bila kuinua macho. Injinia akaonyesha kikombe kilichofunikwa, anachekea puani.

Mama wa watu hakuijua sheria yetu. Akakaa pale kwenye gogo.

— Jamani! Amekufa lini?

Nikasema mimi:

— Hajafa, mama. Ni utani wetu.

— Utani, alirudia, akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akaonyesha ng'ambo ya barabara. Mwanamume alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatetemeka kwenye jua kali.

— Yule ni mume wangu, Ngosha. Leo kakubali mwenyewe kwenda kwenye hicho kikundi, mara ya kwanza kwa miaka saba. Kesho hatakubali, namjua. Nimewasikia tangu kule kona mnakieleza. Wanakutana wapi?

Injinia alitazama birika. Waziri akakung'uta koti.

— Nyakato huko, alisema Injinia.

— Nyakato wapi?

— Huko huko.

— Siku gani?

Wiki tatu tumesema chama, wafadhili, maini, na mtaa wenyewe wenzangu hawaujui!

Mimi niliujua. Mara mbili nimesimama chini ya dirisha lao, nikamsikia Luhaga akitaja jina lake, kisha nikageuza moja kwa moja mpaka kwa Roza. Niliona aibu. Nilimchukia hata huyu mama kwa kuuliza.

Ng'ambo, Ngosha alisimama. Alikuwa anatazama upande wa kwa Roza, na hapa kijiweni hakuna asiyejua mtazamo ule.

— Nyuma ya ghala la zamani la pamba, nilisema. Jumamosi, saa nne. Mlango wa mbele una kufuli, zunguka nyuma.

— Katibu! Umejuaje wewe? aliuliza Waziri.

Niliinuka kwenye benchi.

— Twende, mama. Ukielekezwa tu utapotea.

Tulivuka barabara. Nikamshika Ngosha mkono mmoja, mkewe akashika mwingine. Ulitetemeka kama unavyotetemeka wangu kila asubuhi.

Kabla ya kukata kona niligeuka. Antoni alikuwa anamwaga masimbi ya kahawa mtaroni. Mwisho wa benchi, kando ya kikombe cha Luhaga, changu kilikuwa kimeshafunikwa.